Vita Katika Sayari Isiyo na Siri

Riwaya ya Monsters of Men ya Patrick Ness, mwandishi mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza, ilitoka mwaka 2010 ikiwa sehemu ya tatu na ya mwisho ya mfululizo uitwao Chaos Walking, na mwaka uliofuata ilitunukiwa Nishani ya Carnegie, ambayo hutolewa na wakutubi wa Uingereza kwa kitabu bora cha watoto na vijana. Ni bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayojengwa juu ya jambo ambalo halijapata kutokea lakini ambalo msomaji anaweza kulikubali kuwa linawezekana, na jambo lenyewe hapa ni sayari ambayo walowezi kutoka Dunia wameihamia na kukuta kwamba mawazo ya kila mwanamume na ya kila mnyama yanasikika na wote waliopo karibu.

Hali hiyo huitwa Kelele, na katika kurasa za kitabu huchapwa kwa herufi za maumbo na ukubwa mbalimbali, mistari ikipandana, hata jicho la msomaji linachoka kama masikio ya wahusika yanavyochoka. Wanawake hawana Kelele, na tofauti hii pekee ilitosha kuzaa maafa: katika mji wa Prentisstown wanaume, kwa kushindwa kuvumilia kusomwa na watu ambao wao hawawezi kuwasoma, waliwaua wanawake wote, kisha kijana Todd Hewitt akalelewa akiamini kwamba waliuawa na ugonjwa. Uongo huo uliwezekanaje mahali ambapo kila wazo liko wazi? Jibu la Ness, ambalo ndilo linaloipa kazi yake uzito, ni kwamba kinachosikika kichwani mwa mtu si ukweli mtupu, bali ni kumbukumbu, tamaa, hofu na matumaini vilivyochanganyika, na anayejua kupiga makelele ya kutosha anaweza kuuzika ukweli chini yake.

Wenyeji wa sayari hiyo, ambao binadamu huwaita Spackle, huzungumza kwa Kelele peke yake. Baada ya kushindwa katika vita vya awali walifanywa watumwa, wakalishwa dawa inayoizima Kelele, na kwa hiyo wakanyang'anywa lugha yao. Baadaye walifungwa pete za chuma mikononi kama mifugo inayotiwa alama, na Todd mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowafunga. Mmoja wao, anayejulikana kwa namba yake 1017, ndiye aliyenusurika katika mauaji ya wenzake, na katika riwaya hii ya tatu anapewa sauti sawa na ya Todd na ya Viola, msichana aliyetangulia na chombo cha upelelezi mbele ya msafara wa walowezi wapya. Adui anayesimulia mwenyewe si jambo la kawaida katika hadithi za vita zinazoandikiwa vijana, hasa adui mwenye chuki ambayo msomaji hawezi kuikanusha.

Sehemu inayostahili kusomwa polepole imo mapema, pale jeshi la Spackle waliobaki huru linapoteremka mlimani na Viola, akiwa salama mbali na mapigano, anamwona Todd amezingirwa. Ana kombora, na ingawa anajua kwamba akilirusha watu wake watakuwa wameingia vitani, analirusha. Hakuna itikadi wala ardhi inayopiganiwa katika uamuzi huo, ila maisha ya mtu mmoja anayempenda, na kuanzia hapo viongozi wawili wa binadamu, Meya Prentiss aliyeigeuza Kelele yake kuwa silaha na Bibi Coyle, mganga anayeongoza kundi la watega mabomu, wanapata kisingizio walichokuwa wakikingojea.

Kitabu ni kirefu mno, na mashambulizi ya katikati yanafanana. Filamu ya mwaka 2021 iliyochezwa na Tom Holland na Daisy Ridley haisaidii kukielewa, kwa kuwa inafuata sehemu ya kwanza tu, nayo kwa kulegalega. Anayetaka kukisoma hana budi kuanza na kitabu cha kwanza cha mwaka 2008 na kupitia cha pili, maana kisasi cha 1017 kinaanzia kwenye pete ile, na Todd aliyeifunga ndiye msimulizi ambaye msomaji amekwisha kumpenda.