Unyenyekevu katika Desturi za Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Kwa Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, kujishusha mbele za Mungu hakuishii moyoni. Hutendwa mbele ya watu, kwa kinywa, na pengine kwa kumrudishia mwenye mali kile alichoibiwa.

Uamsho huu hukumbukwa kuanzia Kampala mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, alipokutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Gahini iliwaka moto wa toba, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka waliitwa Balokole huko Uganda. Wao kwa wao huitana ndugu.

Kiini cha maisha yao ni ushirika. Huimba, husoma Neno, kisha hushuhudia. Anayesimama hasimulii mema aliyotenda. Hutaja dhambi yake kwa jina: alimkasirikia mkewe, alimwonea wivu mwenzake, alidokoa fedha za shule, kisha husema jinsi damu ya Yesu ilivyomsafisha. Wenzake humwitikia kwa Tukutendereza, pambio la Kiganda linaloimbwa hata na wasiojua Kiganda. Huko ndiko kutembea nuruni, kwa msingi wa 1 Yohana 1:7. Dhambi iliyofichwa humwachia mtu sura ya utakatifu mbele ya wenzake, na kiburi hustawi penye sura ya namna hiyo. Ndiyo maana ungamo la jumla, la kusema tu kwamba sote ni wakosefu, halikutosha.

Vyeo navyo hupungua uzito humo. Askofu akiingia ushirika huketi kama ndugu, na mwalimu husikiliza ushuhuda wa mpishi wake. Wakati wa ukoloni, baadhi ya wamisionari Wazungu waliungama dharau yao mbele ya Waafrika waliodharauliwa, jambo zito sana katika jamii iliyopangwa kwa rangi. Waume nao waliwaomba wake zao msamaha. Aliyeiba alirejesha, kwa mfano wa Zakayo katika Luka 19, hata kama kufanya hivyo kulimfikisha mbele ya mwajiri au serikali.

Si wote walioona unyenyekevu katika hayo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha maombi ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi. Wakuu wa chuo waliona ukaidi. Wanafunzi waliona utii kwa Mungu. Lawama hiyo haikuwa bure kabisa, kwa maana anayekemea dhambi za wengine hukaribia upesi kiburi cha kujiona safi.

Jaribu kali zaidi lilikuja Kenya ya kati wakati wa vita vya Mau Mau. Ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao pia wakakataa bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa. Uganda, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere, mtoto wa Uamsho, alikimbilia uhamishoni. Humo alikiri uchungu uliomjaa dhidi ya Amin, akatangaza kumsamehe.

Hatari kubwa zaidi ilitoka ndani. Mfarisayo wa Luka 18 anaweza kujitukuza kwa machozi yake kama alivyojitukuza kwa mfungo wake, na ushuhuda wa kuvunjika unaweza kugeuka sifa. Uganda ilishuhudia mgawanyiko, pale kundi la Ndugu walioitwa Abazukufu, yaani walioamka upya, walipowaona Ndugu wenzao wamelala na kuweka masharti makali zaidi, hasa juu ya madeni. Ndani ya ushirika dawa ilikuwa kuonyana: ndugu aliyesikia majivuno katika ushuhuda alimwambia mwenzake waziwazi, hata kama mwenzake huyo ndiye kiongozi, naye alitarajiwa kupokea neno hilo na kutubu.