Urithi katika Programu za Roboti: Kweli au Si Kweli?

Wanafunzi wanaounda roboti huambukizana ujuzi haraka, na uvumi haraka zaidi. Haya ni baadhi ya yanayosemwa kuhusu urithi na polimofizimu katika Java.

"Urithi ni somo la chuo kikuu. Tujenge roboti kwanza."

Si kweli, na hakuna pa kuukwepa. Katika FIRST Robotics Competition, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1992, programu ya Java mara nyingi huanza hivi: `public class Robot extends TimedRobot`. Hilo `extends` ndilo urithi. TimedRobot, klasi iliyomo kwenye maktaba ya WPILib, hurudia kazi zake kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Dereva anapoiongoza roboti, kila mzunguko huita `teleopPeriodic()`. Unaandika toleo lako la methodi hiyo, nalo linashika nafasi ya lile la klasi mzazi.

Sasa andika `teleopperiodic()`, kwa p ndogo. Kompaila hainung'uniki, kwa sababu kwake hiyo ni methodi mpya na halali. Roboti inaendelea na toleo la mzazi, ambalo kazi yake ni kuchapisha ujumbe tu, na magurudumu hayasogei. Timu itabadilisha betri, itafungua skrubu, itamlaumu aliyeunganisha nyaya. Kumbe `@Override` juu ya methodi ingetosha: kompaila ingekataa palepale.

"Mkono wa roboti una mota, basi klasi ya Mkono irithi Mota."

Si kweli. Mkono si aina ya mota. Ukirithi hivyo, kila amri ya mota inageuka amri ya mkono, na yeyote anaweza kuita `set(1.0)` na kuruka ukaguzi uliouweka ili mkono usigonge sakafu. Iweke mota ndani ya Mkono, iwe `private`, kisha utoe amri chache tu: inua, shusha, simama.

"Aina niliyotangaza ndiyo inayoamua kitakachotendeka."

Nusu kweli. Katika `Mota m = new MotaBandia();` aina iliyo kushoto inaamua methodi unazoruhusiwa kuita. Toleo litakalotekelezwa linaamuliwa na kitu chenyewe, programu ikishaanza kwenda. Hiyo ndiyo polimofizimu. MotaBandia, klasi inayorithi Mota, haizungushi chochote, inaweka tu kumbukumbu ya kasi iliyoamriwa. Kama Mkono unapokea Mota yoyote pale unapoundwa, mwanafunzi mmoja atakuwa na roboti na wenzake watajaribu hesabu zao kwenye kompyuta, bila kugusa mstari hata mmoja wa Mkono. Kwa timu yenye roboti moja, faida hiyo si ndogo. Mimi ningefundisha kuanzia hapa, si kwa ile mifano ya Mbwa na Paka wanaolia kila mmoja kivyake.

"Mambo haya ya urithi na polimofizimu yaliletwa na Java."

Si kweli. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliyaweka kwenye Simula 67, huko Norwei. Java ilitoka 1995.

"Klasi moja haiwezi kurithi klasi mbili."

Kweli, kwa Java, ingawa C++ inaruhusu. Ila klasi ya Java inaweza kutimiza intafesi nyingi, yaani orodha za methodi inazoahidi kuwa nazo, na intafesi nazo hurithiana. Katika FIRST Tech Challenge, mashindano mengine ya roboti, intafesi ya `DcMotorEx` inarithi `DcMotor`, nayo inarithi `DcMotorSimple`. Kwa hiyo wanafunzi watatu wakiiita mota ileile kwa majina hayo matatu tofauti, wote wako sahihi.