Je, Wajua? Anayepakua Hahitaji Jiko

Je, wajua kwamba tovuti ya kwanza duniani haikuwa na hifadhidata wala nywila? Zilikuwa kurasa tu. Tim Berners-Lee aliziweka mwishoni mwa 1990 kwenye kompyuta yake ya NeXT pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, na juu ya kasha la mashine akabandika karatasi yenye onyo la wino mwekundu: hii ni seva, msiizime. Mwaka 2013 CERN iliirudisha hewani nakala ya 1992 ya kurasa hizo, na vivinjari vya leo vinaifungua bila shida.

Hiyo ndiyo tovuti tuli. Kiswahili kimeieleza vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kwetu kupakua ni kutoa chakula chunguni na pia ni kuteremsha faili kutoka mtandaoni. Tovuti ya benki humpikia kila mgeni anapoketi. Kwenye tovuti tuli chakula kimeiva tangu asubuhi. Kilichobaki ni upawa na sahani. Kwa nini basi tubebe jiko zima?

Siku hizi tovuti kama hiyo huweza kufungashwa ndani ya kontena la kompyuta. Je, wajua jina hilo lilitoka wapi? Bandarini kabisa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X ya Malcom McLean iling'oa nanga Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Programu ya Docker, inayoendesha makontena ya kompyuta na ambayo Solomon Hykes aliionyesha hadharani Machi 2013, ina jina la kuli wa bandarini, na nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena. Kubernetes, inayosimamia makontena kwa maelfu, ni neno la Kigiriki: mshika usukani wa chombo.

Lakini kontena la kompyuta si sanduku. Ni programu ya kawaida iliyozungushiwa ua: inaona faili zake tu, inajiona kama iko peke yake, huku ikitumia kerneli ileile ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, inayotumiwa na majirani zake. Kontena halibebi mfumo endeshi mzima, ndiyo maana linaweza kuwa jepesi ajabu.

Jepesi kiasi gani? Mwaka 1995 Bruce Perens alitaka mfumo wa kusakinisha Debian, aina mojawapo ya Linux, uenee kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44. Akaandika BusyBox, programu moja inayoitikia majina mengi: ukiiita kwa jina la kunakili, inanakili, kwa jina la kuorodhesha, inaorodhesha. Baadaye iliongezewa seva ndogo ya wavuti. Imeji ya BusyBox, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwacho, leo haifiki megabaiti 5, sawa na picha moja au mbili za simu, ilhali imeji ya kawaida ya nginx, seva hodari ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma 2004, hupita megabaiti 100 ikifunguliwa. Anayejenga tovuti kwa bando la simu anaijua tofauti hiyo kwa uchungu.

Unaweza kupunguza zaidi. Anza na msingi mtupu, usio na faili hata moja, uweke seva iliyojengwa ikiwa na kila inachohitaji ndani yake, kisha kurasa zako. Basi. Imeji hiyo inaweza isifike hata megabaiti moja. Na mvamizi akipenya, hakuti hata programu ya kupokea amri zake. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake mkubwa.

Je, wajua kwamba kontena dogo kama hilo linaweza kukataa kufa? Katika Linux, programu namba 1 ni mama wa zote, na kerneli humkinga: ishara ya kumtaka aondoke haimgusi kama yeye mwenyewe hakujiandaa kuipokea. Ndani ya kontena, seva yako ndiyo namba 1. Unaiamuru isimame, kimya. Docker hungoja sekunde 10, kisha huiua kwa nguvu, na msomaji aliyekuwa katikati ya kupokea ukurasa hukatiwa hapohapo. Dawa ya ukaidi huo ni kuweka programu nyingine ndogo mno ishike namba 1 na kuipelekea seva ishara zake. Docker inayo tayari. Unaiomba kwa kuandika --init unapoliwasha kontena.