Thamani ya Marekebisho Madogo katika Matini za Maswali na Majibu: Mfano wa Stack Overflow

Stack Overflow ni tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, iliyoasisiwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008. Maandiko yake hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu wengine kuyarekebisha, mradi mwandishi wa awali atambuliwe. Kwa msingi huo, mchangiaji anaweza kusahihisha swali au jibu la mwenzake. Suala linalozuka ni hili: marekebisho madogo yanastahili kufanywa wakati gani?

Mchangiaji ambaye hajafikisha alama 2,000 za sifa hawezi kubadili andiko la mwingine moja kwa moja. Hutoa pendekezo ambalo hukaguliwa na wenye sifa zaidi, na likikubaliwa hupata alama 2. Aidha, pendekezo linalohusu mwili wa andiko sharti libadili herufi au alama zisizopungua 6. Sharti hilo lina mantiki. Ukaguzi hufanywa kwa kujitolea, na andiko lililorekebishwa hurudisha swali lake juu ya orodha ya maswali yenye shughuli za karibuni. Anayeongeza nukta moja na kuyaacha makosa mengine palepale huwagharimu wenzake zaidi ya anavyowafaa.

Hata hivyo, idadi ya herufi si kipimo cha thamani. Katika lugha ya C, alama moja ya usawa huipa kigeu thamani, ilhali alama mbili hulinganisha thamani. Mwandishi akisahau alama moja ndani ya sharti, programu inaweza kukubaliwa na kikusanyaji lakini ikatoa matokeo potofu. Kiswahili nacho kina mifano ya aina hiyo: herufi moja ikidondoka, agizo la "fuata mwongozo huu" hugeuka kuwa "futa mwongozo huu". Marekebisho ya namna hii ndiyo madogo kuliko yote na ndiyo yanayohitajika zaidi, lakini sharti la herufi 6 huyazuia. Anayekwepa sharti hilo kwa kupachika maneno yasiyo ya lazima huongeza dosari nyingine. Njia iliyo bora ni kumwachia mwandishi maoni, kwa kuwa yeye hafungwi na kikomo hicho katika andiko lake, au kusahihisha pia makosa mengine halisi yaliyomo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni athari kwa msomaji wa baadaye. Kichwa kinachotaja tatizo badala ya kusema "nisaidieni", lebo sahihi, msimbo uliopangwa vizuri na kiungo kilichokufa kikabadilishwa humwezesha msomaji huyo kulipata jibu na kulitumia. Mpaka wake ni kusudi la mwandishi. Jibu lenye hoja potofu halipaswi kugeuzwa kimyakimya likasema kinyume cha alichokusudia. Kosa hilo hujadiliwa katika maoni au katika jibu jingine. Kumbukumbu ya matoleo huhifadhi kila badiliko na kuruhusu toleo la awali kurejeshwa, lakini haiwezi kumfidia msomaji aliyekwisha kulifuata agizo lenye kosa. Kwa sababu hiyo, mhariri hana budi kulisoma andiko zima kabla ya kugusa herufi moja.