Saratani ya Matiti: Mgonjwa Amtafute Mwenzake



Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumezoea kuitumia katika mambo ya ndoa na ya kazi za watu, lakini sijui mahali inapostahiki zaidi kuliko nyumbani kwa mwanamke aliyemaliza kutibiwa saratani ya titi. Nyumba imejaa watu. Wifi amekuja kupika, majirani wa hapa Sydenham wameleta sahani zilizofunikwa, watoto wameambiwa wasipige kelele. Na katikati ya wema wote huo hakuna hata mmoja ambaye mgonjwa anaweza kumwuliza: je, ni kawaida kwapa kufa ganzi namna hii? Je, uchovu huu utakwisha lini? Na wewe, mara ya kwanza ulipojitazama kwenye kioo, ulifanyaje?

Daktari ana majibu ya baadhi ya maswali hayo, ila daktari ana dakika chache na wagonjwa wengi. Jamaa wana muda, lakini hawana majibu. Anayehitajika ni mtu wa tatu, yaani mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Makala haya yanamhusu huyo: kwa nini atafutwe, na hapa Durban atapatikana vipi.

Wazo lenyewe lina historia. Mwaka 1952 Terese Lasser wa New York aliondolewa titi. Upasuaji wa siku zile ulikuwa mkubwa: liliondolewa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, kisha mgonjwa akarudi kwake bila kuelezwa mengi juu ya mkono wake, nguo zake wala mumewe. Bibi huyo alipopata nafuu alianza kuwazuru wanawake waliopasuliwa, mkononi akiwa na titi la bandia la muda, na mpira uliofungwa kamba kwa ajili ya kufanyia mazoezi ya mkono. Madaktari wengi hawakupendezwa, kwa kuona kwamba mtu asiyesomea tiba anajiingiza katika wodi zao. Hakuacha. Mwaka 1969 chama cha saratani cha Marekani kiliuchukua mpango wake na kuueneza. Hapa Afrika Kusini chama cha namna hiyo, Reach for Recovery, kilianzishwa mwaka 1967. Wajumbe wake wanaokwenda kwa wagonjwa wote ni wanawake waliougua saratani ya titi wenyewe, wakafundishwa namna ya kuzungumza na mgonjwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limechelewa, lakini limefika. Kampala, wanawake waliopona walianzisha mwaka 2004 umoja uitwao Uganda Women's Cancer Support Organization. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa mwaka 2010. Jina hilo la Faraja halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili.

Sasa niseme linalotuhusu sisi. Katika familia zetu maradhi haya hufichwa. Nimesikia yakiitwa "jipu", "uvimbe", "mambo ya kike", na wakati mwingine husuda au jini. Sababu zatajwa nyingi: mabinti wataharibikiwa na posa, mume atashawishiwa kuoa mwingine, watu wa nyumbani Tanga au Bukavu watapata hofu bure. Sizidharau sababu hizi, kwani ugenini jina la familia ndiyo mali yetu tuliyobaki nayo. Lakini matokeo ya kuficha ni haya: wanawake wawili wenye kovu moja hukaa safu moja katika swala, bega kwa bega, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Maradhi yenyewe si nadra hata kidogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa nayo duniani, na 670,000 walifariki kwayo. Hakuna jamaa kubwa isiyoguswa.

Mimi mwenyewe niliondolewa titi la kushoto. Vitabu nilivisoma, kwa kuwa ndiyo desturi ya mwalimu, navyo vilinieleza seli na tezi. Wiki ya tatu akaja mama mmoja wa Kihindi wa mtaa wetu, ambaye tulikuwa tukisalimiana tu dukani. Hakuleta chakula. Aliomba tuingie chumbani, akafunga mlango, akafungua vifungo vya kanzu yake na kunionyesha kovu lake la miaka tisa: mstari mweupe, mwembamba, uliolala bapa kama mshono wa mto. Akaniambia kwa Kiingereza cha hapa Durban kwamba na langu litakuwa hivyo. Kisha akasimama kuukabili ukuta, akaupandisha mkono kwa kutembeza vidole kama kaa apandaye mwamba, nami nikafuata mpaka pale maumivu yaliponizuia. Akaomba penseli, akatia alama. "Wiki ijayo tutatia nyingine juu yake," alisema. Alama hizo zingalipo ukutani, saba, na ya mwisho iko juu kuliko swichi ya taa. (Mwenye shaka juu ya hukumu ya kuonyeshana kovu baina ya wanawake amwulize shekhe wake, mimi niliuliza, nikaridhika.)

Hapana budi tuwe wakweli juu ya faida inayopatikana. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani alitoa utafiti wa wanawake 86 ambao saratani yao ya titi ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini. Waliokuwa wakikutana kila wiki katika kikundi, chini ya uongozi wa wataalamu, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, karibu mara mbili. Habari hiyo ilienea haraka, na wako wanaoisimulia hata leo. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakarudia jambo hilo kwa wanawake 235, na matokeo yakawa mengine: kikundi hakikurefusha maisha. Lakini wanawake wale walipungukiwa na huzuni na walihisi maumivu machache, hasa wale waliokuwa wameelemewa zaidi mwanzoni. Basi asije mtu akamwambia mgonjwa kwamba akihudhuria atapona, wala asije akamlaumu aliyefariki kwamba hakujitahidi kuchangamka. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kupunguziwa huzuni na maumivu, hata hivyo, si jambo dogo. Aliyelala macho saa tisa za usiku anajua thamani yake.

Tena kuna faida za mikono na riziki, nazo ndizo zisizosemwa sana. Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hupungukiwa na njia ya kupita, na karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata uvimbe wa mkono, pengine baada ya miaka. Zamani wagonjwa waliambiwa wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote. Hebu fikiria maneno hayo kwa akina mama wa kwetu hapa, anayesuka nywele mjini tangu asubuhi, anayeshona, anayebeba marobota ya mitumba! Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake wenye uvimbe waliofundishwa kunyanyua uzito kidogo kidogo, huku wakisimamiwa, hawakuvimba zaidi, na hali zao zilichafuka mara chache kuliko za wengine. Mwenzako msusi atakuonyesha namna ya kuupumzisha mkono juu ya mto kati ya kichwa kimoja na kingine, namna ya kuulinda usikatwe wala kuungua jikoni, na atakuambia kwamba mkono ukiwa mwekundu na wa moto, ukaja na homa, usingoje kesho kwenda hospitali.

Lipo na suala la kidonge. Wanawake wengi, ambao saratani yao hulishwa na homoni, hupewa tamoksifeni au dawa za jamii yake wazimeze kila siku kwa miaka mitano, na wengine hufikia kumi. Wakati huo upasuaji umekwisha, mionzi imekwisha, nywele zimerudi, na jamaa wanasema alhamdulillahi amepona. Yeye yumo katika joto la ghafla linalomwamsha usiku, viungo vinamuuma kama bibi wa miaka themanini, na faragha yake na mumewe imekuwa na maumivu asiyoweza kuyataja. Hapo ndipo wengine huacha dawa kimyakimya, na kuiacha kunaongeza hatari ya maradhi kurudi. Mwenzako aliye katika mwaka wa nne wa kidonge hicho hicho ndiye atakayekuambia: nami nilitaka kuacha, mweleze daktari, yako mambo ya kufanya. Ndiye pia atakayekuambia kwamba kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kumezwa usiku katika Ramadhani, baada ya kumwuliza daktari wako kama mwili umepata nguvu ya kufunga.

Kwa kweli upweke mkubwa huanza matibabu yanapomalizika. Wakati wa dawa za mishipa, ambazo wenyewe huziita kemo, mgonjwa hukaa na wengine kwenye viti vya hospitali, wakajuana kwa sura na kugawana biskuti. Siku ya mwisho inapofika kila mmoja hushika njia yake. Nashauri akina mama wasiachane bila kupeana namba za simu.

Mipaka nayo ipo. Mwenzako si daktari. Saratani za matiti ni za aina nyingi, na dawa iliyomfaa yeye huenda isikuhusu kabisa; kwamba yeye hakupewa mionzi haina maana kwamba nawe huihitaji. Habasoda na asali zina heshima yake katika nyumba zetu, lakini anayekuambia uziweke mahali pa matibabu ya hospitali, hata akiwa amevaa kovu kama lako, usimfuate. Na vikundi hufiwa. Itafika siku kiti kimoja kitakuwa kitupu, na waliobaki watajiuliza zamu ni ya nani. Wasiowahi kukaa katika kikundi hudhani jambo hilo huwavunja watu mioyo. Nilivyoona mimi, wanaomwosha na kumsomea mwenzao pamoja hurudi nyumbani na hofu iliyo nyepesi kuliko waliyokuwa wakiibeba peke yao.

Kwetu wageni kuna sababu nyingine ya kutotembea peke yetu. Juni 2017 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini ilitoa ripoti iliyosema haki za wagonjwa wa saratani wa KwaZulu-Natal zilikiukwa, kwa uhaba wa madaktari bingwa na mashine, katika hospitali za Addington na Inkosi Albert Luthuli. Mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama kwenye malango ya baadhi ya zahanati na hospitali, hapa Durban pia, vikiwazuia wasio raia. Katiba ya nchi hii ya mwaka 1996 humpa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 humtaja mkimbizi waziwazi. Lakini mwanamke mgonjwa aliye peke yake langoni hawezi kusoma sheria kwa sauti. Wawili wakifuatana, mmoja ameshika karatasi na mwingine ameshika mkoba wa dawa, safari huwa nyingine, na la muhimu ni kwamba miadi haiachwi kwa woga.

Basi aanzie wapi? Amwulize muuguzi wa kliniki ya matiti kama mjumbe wa Reach for Recovery huja pale. Chama hicho, kwa mpango wake uitwao Ditto ulioanza mwaka 2011, huwapatia pia matiti ya bandia ya silikoni wanawake wasio na uwezo wanaotibiwa katika hospitali za serikali; kwa mwanamke wa kwetu aliyekuwa akijaza vitambaa ndani ya sidiria, na vikateleza katika rukuu, hiyo ni habari ya kumfurahisha. Lipo pia shirika la CANSA, la tangu mwaka 1931, lenye washauri na vikundi. Lugha itakuwa Kiingereza au Kizulu. Asiyezimudu asirudi nyuma, aende na binti aliyeolewa au jirani wa kumfasiria, ingawa maswali ya chumbani hayafasiriki na binti. Kwa hayo twahitaji kikundi cha Kiswahili, japo cha watu watatu na birika la chai. Waume watatusaidia wakitupeleka na kuturudisha, na wasiulize kilichozungumzwa.

Nimekubaliana na mhariri kama ifuatavyo. Mama yeyote aliyetibiwa au anayetibiwa saratani ya titi, akitaka kukutana na mwenzake, aandike katika karatasi jina lake la kwanza tu, lugha aipendayo na siku inayomfaa, aikunje na kumpa mwanamke anayegawa gazeti hili mtaani kwake. Atakayeifungua ni mimi peke yangu. Mikutano itakuwa alasiri, watoto wadogo waje nao, na ngazi za kupanda hakuna.