Bega Linalochomoka Hula Mfupa Wake

Novemba 2022, Zach Werenski, beki wa timu ya hoki ya barafuni ya Columbus, Ohio, aliumia bega na msimu wake ukaishia hapo. Majeraha yaliyotajwa yalikuwa mawili: mtulinga ulikuwa umeachana na mfupa wa bega, na gegedu linalozunguka mdomo wa tundu la bega lilikuwa limechanika. Mwaka 2018 alikwisha kufanyiwa upasuaji wa bega. Safari hii alipona vizuri, na msimu wa 2024/25 akawa miongoni mwa mabeki watatu waliowania tuzo ya beki bora wa ligi. Ninalotaka kuzungumzia ni lile jeraha la pili, la gegedu, maana likipuuzwa na bega likawa linachomoka mara kwa mara, mfupa wenyewe huanza kulika.

Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani kabisa ya nyonga, ndiyo maana nyonga haichomoki ovyo. Bega halina kinga hiyo. Tundu lake ni dogo na karibu bapa. Upana wake kwa mtu mzima ni kama milimita 25 tu, na kwa wakati wowote ni sehemu ndogo ya kichwa cha mfupa wa mkono inayoligusa. Kazi iliyobaki ya kushikilia hufanywa na gegedu la ukingoni, kano na misuli. Huo ulegevu ndio unaotuwezesha kutwanga, kuanika nguo na kujikuna mgongoni. Gharama yake ni kwamba hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachochomoka mara nyingi kama bega.

Likichomoka, karibu kila mara huelekea mbele. Gegedu la mbele hubanduka, jambo ambalo daktari Mwingereza Blundell Bankart alilieleza mwaka 1923 na bado linaitwa kwa jina lake. Wakati huohuo, nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono hujigonga kwenye ukingo wa tundu na kubonyea. Shimo hilo lilielezwa mwaka 1940 na Hill na Sachs, mabingwa wa eksirei wa San Francisco. Kwa hiyo tukio moja lina uwezo wa kuharibu pande mbili. Tukio la pili, la tatu, la tano huendelea kumega ukingo wa mbele kidogo kidogo.

Umri ndio unaoamua mengi. Kijana aliyechomoka bega kabla ya miaka 20, na akarudi kwenye mchezo wa kugongana, ana uwezekano mkubwa wa kuchomoka tena. Aliyepita 40 hachomoki tena kwa urahisi hivyo, ila yeye huweza kukatika kano za misuli inayozunguka bega, na asijue mpaka ashindwe kuinua mkono.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kushona gegedu mahali pake, na teknolojia ya kamera inayopita kwenye matundu madogo ilipokuja kila mtu alifurahi: makovu madogo, maumivu machache. Lakini wapo waliokuwa wakirudi na bega limetoka tena. Mwaka 2000 Stephen Burkhart wa Texas na Joe de Beer wa Cape Town walichapisha hesabu ya wagonjwa 194 walioshonwa kwa njia hiyo, karibu nusu yao wakiwa wachezaji wa raga wa Afrika Kusini. Kati ya 173 ambao mfupa wao haukuwa na upungufu mkubwa, ni 7 tu waliochomoka tena. Kati ya 21 waliokuwa na upungufu mkubwa, walichomoka 14. Yaani 4 katika kila 100, dhidi ya 67. Sijui takwimu nyingine katika fani hii inayosema waziwazi kiasi hicho. Uzi ulikuwa haujakosea chochote. Ulikuwa umeshonewa kwenye mfupa usiokuwepo.

Mwaka huohuo Eiji Itoi wa Japani na wenzake walionyesha, kwa mabega ya maiti, kwamba upungufu wa kama asilimia 21 ya urefu wa tundu unatosha kulifanya bega lisitulie hata baada ya kushonwa. Tafsiri yake mezani kwa daktari ni karibu milimita saba. Baadaye, mwaka 2015, madaktari wa jeshi la Marekani walionyesha kwamba hata asilimia 13.5 inatosha kumfanya askari asiliamini bega lake, ingawa halichomoki. Milimita hizo eksirei ya kawaida huzikosa kirahisi. Kipimo cha CT ndicho kinachozionyesha vizuri.

Mfupa ukipungua, sharti uongezwe. Njia inayotumika zaidi aliibuni Michel Latarjet wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1954. Mbele ya bega, chini kidogo ya mtulinga, kuna kinundu cha mfupa. Daktari hukikata kipande cha sentimita mbili hivi, pamoja na kano zinazoning'inia hapo, akakipitisha katikati ya msuli wa mbele wa bega na kukifunga kwa skrubu mbili kwenye ukingo uliomegeka. Tundu linapanuka. Na zile kano, mkono unapoinuliwa na kugeuzwa nje, hukaza mbele ya kiungo na kukizuia. Ni kazi ya karibu sana na mishipa ya fahamu, skrubu huweza kulegea, na kipande chenyewe wakati mwingine huyeyuka. Si upasuaji wa kufanywa na mtu anayejaribu.

Wengine hutumia mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, au kipande cha mwisho wa muundi wa marehemu aliyejitolea, ambacho mbonyeo wake unalingana vizuri na tundu la bega. Kipande kama hicho si sawa na kiungo kizima cha marehemu, na mfano mzuri uko Louisville, Kentucky. Tarehe 24 Januari 1999, Hospitali ya Jewish ya mji huo ilimpandikiza Matthew Scott mkono wa marehemu, wa kwanza Marekani. Mpokeaji wa mkono humeza dawa za kuzuia mwili usiukatae. Mpokeaji wa kipande cha mfupa hahitaji dawa hizo.

Sasa, kwa nini msomaji wa Kiswahili ayajue haya? Kwa sababu Louisville, Columbus na Buffalo ya New York ni miji yenye watu wetu wengi: Wakongo, Wasomali na Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma. Vijana wao wanacheza kandanda na mieleka shuleni, na wazee wao wanateleza kwenye barafu ya Buffalo huku wamenyoosha mkono. Kituo cha afya cha Jericho Road, kilichoko upande wa magharibi wa mji wa Buffalo, kinahudumia wakimbizi huko na pia kina zahanati Goma. Chuo Kikuu cha Ohio State, Columbus, kimo katika utafiti wa pamoja ulioandikisha wagonjwa 863 waliofanyiwa upasuaji wa bega lisilotulia. Huduma haziko mbali.

Tatizo huwa ni historia isiyosemwa. Bega lililorudishwa na fundi wa mifupa kijijini halimo kwenye faili lolote Marekani. Wala kifafa, ambacho wengi huona aibu kukitaja, na degedege lake ni miongoni mwa vitu vinavyochomoa bega na kumega mfupa vibaya kabisa. Daktari asiyejua kwamba bega limetoka mara sita huweza kulishona kama lililotoka mara moja.

Kwa hiyo mwambie daktari limetoka mara ngapi, hata lile ulilolirudisha mwenyewe. Muulize mfupa umepungua asilimia ngapi, na kama CT imefanyika. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Marekani inaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ikupatie mkalimani bila malipo, usimtumie mtoto wako.