Sanaa ya Ukutani katika Maeneo ya Umma: Ridhaa na Ubunifu katika Kata ya Kamsamba

Sanaa ya ukutani ni michoro inayochorwa katika kuta zinazotazamwa na watu wote bila kiingilio. Vijana wa mijini nchini Tanzania huiita chata, na kundi la Wachata la Dar es Salaam lilichukua jina lake kutokana na neno hilo. Makala haya yanafafanua suala moja linalozaliwa na sanaa hiyo, yaani nani mwenye haki ya kuruhusu mchoro mahali pa wote. Mahali pa kulipimia suala hilo ni kata ya Kamsamba, wilayani Momba, mkoani Songwe.

Ili kulielewa suala hili, ni vyema kutofautisha uhusiano wa aina tatu baina ya mchoro na mtazamaji. Aina ya kwanza ni mchoro uliofungwa. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka wa Usukumani. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba, nayo ilikusudiwa wanachama. Aina ya pili ni mchoro unaouzwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao. Asiyeipenda picha yake aliipita tu. Aina ya tatu ni mchoro ulio wazi. Huu haununuliwi wala haufichwi, na mpita njia hukutana nao apende asipende.

Nguvu ya aina hii ya tatu ilidhihirika nchini Kenya. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii Solo 7 aliandika jumbe za amani katika kuta za Kibera. Mwaka 2012, Boniface Mwangi na wenzake walichora katikati ya Nairobi wanasiasa wenye sura ya tai mzoga. Kazi ya kwanza ilituliza, ya pili ilichokoza. Zote mbili zilifaulu kwa sababu mtazamaji hakuweza kuzikwepa.

Kamsamba ina mazingira tofauti. Mto Momba unapita hapo ukielekea Ziwa Rukwa, na daraja lake huunganisha mkoa wa Songwe na mkoa wa Rukwa. Wasafiri, wafugaji, wakulima na wanafunzi hukutana katika eneo hilohilo. Isitoshe, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwa niaba ya wanakijiji. Kwa hiyo, ukuta wa soko au wa zahanati hauna mmiliki mmoja anayeweza kutoa ruhusa peke yake. Chombo kinachofaa kujadili suala hilo ni Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hata hivyo, hapa pana hatari. Mkutano ukipewa mamlaka ya kuidhinisha kila umbo na kila rangi, mchoraji atabaki kuchora kile ambacho kila mtu amekwisha kukiona: ramani, nembo na matangazo ya afya. Michoro hiyo ina manufaa, lakini si zao la ubunifu. Mchoraji anayetaka kumchora kambale akivuka daraja kwa miguu hatapata kura nyingi kabla kambale huyo hajaonekana.

Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza kwamba ridhaa ya jamii ihusu mahali na muda badala ya maudhui. Mkutano uchague ukuta, uainishe yasiyokubalika kisheria, kisha uweke kikomo cha muda. Msimu wa mvua, unaoanza takribani Novemba hadi Aprili, ni kipimo cha asili cha muda huo, kwani matone yanayoruka kutoka ardhini huchafua na kubambua rangi ya sehemu ya chini ya ukuta. Mvua zikiisha, wanakijiji wataamua ama mchoro ukarabatiwe ama ukuta upakwe chokaa. Kwa utaratibu huo, jamii inabaki na ukuta wake, na msanii anabaki na uhuru wake.